Klabu Kwanza, Vyeo Baadaye

Hotuba kwa walimu, maafisa michezo, askari wastaafu na vijana waliokutana Iringa kuzungumzia mchezo wa kulenga shabaha katika Nyanda za Juu Kusini

Kamwene!

Wazee wangu, ndugu maafisa michezo, walimu wenzangu, akina mama, vijana mliotoka Mafinga, Makambako na Njombe, na nyinyi mliopanda basi la alfajiri kutoka Mbeya: asanteni sana kwa kuja, na poleni na safari. Barua ya mwaliko ilisema tunakuja kujadili chama cha mkoa. Tangu asubuhi, pale nje kwenye chai, nimesikia majina ya wanaofaa kuwa mwenyekiti, nimesikia nani awe katibu, na nimesikia hata rangi ya fulana. Naomba mniwie radhi, nitawarudisha nyuma kidogo. Habari ya mwenyekiti tuiache hadi tuelewane kwanza kuhusu klabu.

Ninachokiamini ni hiki. Chama cha taifa cha shabaha kinajengwa pale ambapo watu kumi na tano wanakutana kila Jumamosi mbele ya ukuta mmoja mnene, wakiwa na bunduki mbili za upepo, daftari moja, na mtu mmoja ambaye akisema "Acha!", wote wanaacha palepale. Mahali hapo pasipokuwapo, mtapata muhuri, mtapata faili na barua yenye nembo, lakini mchezo hamtaupata. Na mahali hapo pakiwapo sehemu nne au tano katika nyanda hizi, chama cha mkoa kitazaliwa chenyewe, kwa sababu klabu hizo zitahitaji mtu wa kupanga ratiba na kutunza matokeo.

Kwa wale ambao shabaha wanaijua kwa habari za JKT tu, nieleze mchezo wenyewe. Duniani unasimamiwa na shirikisho la kimataifa, ISSF, lililoanzishwa mwaka 1907, makao yake yako Munich, Ujerumani. Kwenye Olimpiki umo tangu Athens 1896, ukikosekana 1904 na 1928 tu. Yapo mashindano ya bunduki ndogo mita 50, bastola mita 25, na yale ya kupiga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani. Ila mlango wa sisi kuingilia ni mita 10, bunduki ya upepo na bastola ya upepo, inayorusha kijirisasi cha milimita 4.5. Shabaha yote ya bunduki iliyochorwa kwenye kadi ina upana wa milimita 45.5, yaani haifiki upana wa vidole vitatu. Katikati yake kuna nukta ya nusu milimita. Nusu milimita! Kijirisasi ni kipana mara tisa kuliko kitu kinacholengwa, na ili upate kumi tundu lako lazima liiguse nukta hiyo. Kati ya wewe na kadi ni mita 10, na umesimama kwa miguu yako bila kuegemea kitu.

Sasa mtu wa aina gani anaushinda mchezo huo? Mwenye subira, anayeweza kutulia, anayekubali kurudia jambo moja mara sitini bila kukasirika. Nguvu za mwili na mbio havimpi mtu ubingwa hapa. Wengi wenu mlimwona kwenye simu zenu yule Mturuki, Yusuf Dikeç, kule Paris 2024: mkono mmoja mfukoni, miwani yake ya kawaida, na medali ya fedha ya bastola timu mchanganyiko. Alikuwa na miaka 51. Kwa hiyo wazee wangu mliokaa kule nyuma mkidhani mmekuja kusindikiza vijana, sogeeni mbele.

Turudi kwenye klabu, maana hapa ndipo nataka nikae.

Chukueni ghala la mazao. Miezi ya masika maghala mengi huku kwetu huwa yamebaki matupu, mahindi yamekwisha kuuzwa. Urefu unatosha, kuta ni nene, na muhimu zaidi, ndani hakuna upepo. Mtu wa Makambako hahitaji kuelezwa upepo ni nini. Kumfundisha mwanafunzi mpya nje pale ni kumvunja moyo. Mwisho wa ghala mnasimamisha masanduku ya bati yenye mwinamo wa ndani ili kijirisasi kianguke chini na kisirudi. Katikati ya kadi iwe mita 1.40 kutoka sakafuni. Taa ya kutosha iwe juu ya kadi. Mlango wowote ulio upande wa shabaha ufungwe kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwa msimamizi. Nimesema mfukoni mwake. Usiachwe mlangoni, wala asikabidhiwe kijana wa kutumwa.

Huyo msimamizi wa uwanja ndiye mtu mkubwa kuliko wote mkiwa ndani. Mwenyekiti wa klabu akiingia, yuko chini yake. Mkuu wa wilaya akija kutembelea, yuko chini yake. Kabla hajasema neno, bunduki zote ziko mezani, mitutu imeelekea shabaha, na ndani ya kila chemba, yaani pale kijirisasi kinapowekwa, kuna uzi mnene wa rangi kali unaotokeza nje, uonekane na kila mtu kwamba bunduki ni tupu. Halafu anaita wapigaji mstarini. Anawapa dakika 15 za kujiandaa na kupiga za kujaribu. Ndipo anasema "Pakia", kisha "Anza". Kwa kadi za karatasi, mashindano kamili ni risasi 60 kwa dakika 90. Klabu changa ianze na 20, inatosha. Akisema "Acha", hata kama kidole kilikuwa kimeshaanza kuvuta, bunduki inashuka. Hakuna "namalizia hii moja". Anayemalizia hiyo moja anarudi nyumbani siku hiyo, hata akiwa bingwa wa klabu. Msimamizi anapita bunduki moja moja, anaangalia chemba kwa macho yake, uzi unarudishwa, ndipo watu wanaruhusiwa kwenda kuchukua kadi.

Nikisimulia haya watu huona kama ni ukali wa kijeshi. Mimi naona ndiyo roho ya mchezo. Ukiondoa utaratibu huu kinachobaki ni watu wenye silaha ndani ya chumba.

Na daftari. Kila kikao: jina la aliyefika, namba ya bunduki aliyotumia, vijirisasi alivyopewa, alivyorudisha, alama zake, sahihi yake na ya msimamizi. Daftari hilo ndilo litakalowatetea siku mtu akija kuuliza klabu yenu inafanya nini mle ghalani. Ndilo litakalowaambia kijana gani anapanda na gani amekwama. Ndilo pia, na hili nitalirudia baadaye, litakalochagua timu ya mkoa bila ugomvi.

Kuna jambo lazima niliseme wazi katika ardhi hii. Iringa inaijua bunduki. Tarehe 17 Agosti 1891 pale Lugalo, mashujaa wa Mkwawa walikiteketeza kikosi cha Mjerumani Zelewski na kuchukua silaha zake, na tunajua yaliyofuata mpaka 1898. Baadaye bunduki ikawa ya kufukuza nguruwe shambani, ikawa gobore la mwindaji, ikawa pia silaha ya jambazi barabarani. Mama akisikia mwanawe anajiunga na klabu ya bunduki, moyo unamruka, na ana haki. Kumwambia "usiogope" hakutamsaidia. Mwiteni aje Jumamosi, akae kwenye benchi nyuma ya mstari, aone uzi ule wa rangi kwenye chemba, aone mtoto wake akisimama kimya saa nzima. Baada ya hapo atawauliza maswali ya maana.

Nani aingie klabu? Hapa tuige nchi zenye uzoefu. Uingereza, klabu inayotaka idhini ya serikali lazima iwe na wanachama wasiopungua 10, na mgeni hupitia majaribio ya miezi 3 au zaidi kabla hajawa mwanachama kamili. Klabu huwa na mtu maalumu wa kuwasiliana na polisi. Mwanachama asipoonekana uwanjani miezi 12, klabu inatoa taarifa, kwa sababu mtu mwenye silaha ya michezo ambaye hachezi, silaha ile inafanya kazi gani? Napenda sana kanuni hiyo. Kwetu, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ipo, na polisi ndio wenye neno. Kabla hamjaagiza hata bunduki moja ya upepo, kabla hamjapokea moja ya kuazima, nendeni kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, mkiwa na barua, orodha ya majina na mchoro wa ghala. Msiende kujitetea baada ya mambo. Nendeni kuomba ushauri kabla. Afisa aliyeshirikishwa mwanzo atakuwa rafiki wa klabu.

Na aliyekunywa ulanzi asubuhi hagusi bunduki jioni. Hili halina mjadala, na liandikwe kwenye katiba ya klabu kwa maneno hayohayo. Liandikwe pia kwamba vijirisasi ni vya risasi, madini yenye sumu: mtu ananawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika kitumbua.

Sasa tupande ngazi, kwa haraka maana maafisa michezo mliopo hapa mnaijua kuliko mimi. Baraza la Michezo la Taifa, BMT, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na chini yake yuko Msajili wa vyama na klabu. Klabu inaandika katiba, inafanya mkutano wa waanzilishi, inaandika muhtasari, inapita kwa afisa michezo wa wilaya yake. Klabu zinaunda chama cha wilaya, wilaya zinaunda mkoa, mikoa inakaa kwenye mkutano mkuu wa taifa na kuchagua kamati tendaji. Chama cha taifa ndicho kinachosimama mbele ya Kamati ya Olimpiki Tanzania na mbele ya ISSF. Na ISSF inatambua shirikisho moja tu kwa kila nchi. Mchezaji hawezi kwenda mwenyewe, lazima awe na namba ya usajili iliyopitia shirikisho la nchi yake.

Kwa hiyo chama cha taifa kina kazi, tena kubwa. Kitafsiri kanuni na kuhakikisha kadi inayotumika Mbeya ndiyo inayotumika Tanga. Kifundishe wasimamizi wa uwanja na waamuzi, kiwape vyeti, na kiwanyang'anye vyeti wanapozembea. Kishughulikie vibali vya kuingiza vifaa, maana klabu ya Mafinga peke yake haiwezi. Kitoe kalenda. Kichague timu kwa alama zilizobandikwa ubaoni kila mtu azione. Mwanachama analipa ada klabuni, klabu inapeleka sehemu ya ada juu, na ile inayopanda irudi chini kama kadi, mafunzo na bima. Ikipanda bila kurudi, klabu ziulize, na katiba izipe nafasi ya kuuliza.

Tahadhari moja kuhusu juu huko. Watu wa bunduki hugawanyika kirahisi: wa bunduki ya upepo, wa visahani, wawindaji, wenye bastola. Uingereza kwenyewe wana vyama tofauti vya bunduki kubwa, bunduki ndogo na visahani, na ikabidi kiwepo chombo cha kuwaunganisha, British Shooting, ili wapeleke timu moja Olimpiki. Sisi bado wachache mno kugawanyika. Chama kimoja, chenye kamati ya ufundi kwa kila aina ya shabaha, kinatutosha kabisa.

Nimefika kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonileta hapa. Tatizo letu ni barabara. Iringa mpaka Mbeya ni zaidi ya kilomita 300, na kutoka Sumbawanga mpaka Mbeya nako ni zaidi ya 300. Klabu ya wanafunzi na mafundi cherehani itasafiri mara ngapi kwa mwaka? Mara moja, labda. Na mchezaji asiyeshindana hakui.

Mwaka 1901, vita vya Afrika Kusini vikiwa bado vinaendelea, Waingereza walianzisha umoja wa klabu za shabaha za wafanyakazi, ambao leo ni chama chao cha bunduki ndogo, NSRA. Wengi walikuwa watu wa viwandani na reli, hawana nauli. Wakaujenga mchezo wao juu ya ligi ya posta. Kila klabu inapiga nyumbani kwake, kadi zinatumwa kwa msahihishaji mmoja, matokeo yanarudi. Tangu 1909 Uingereza na Marekani zimekuwa zikigombea kombe la Dewar hivyohivyo, kila timu nyumbani kwake, bahari katikati. Zaidi ya miaka mia, na ligi hizo zipo mpaka leo.

Niambieni, kipi kinatushinda? Klabu nne: Iringa, Mafinga, Njombe, Mbeya. Kadi zinachapwa mahali pamoja, kila moja ina namba na muhuri, klabu inasaini kuzipokea. Kila wiki mbili mpigaji anapiga risasi 20, moja kwa kila duara, mbele ya shahidi anayesaini nyuma ya kadi. Picha inatumwa WhatsApp jioni ileile ili matokeo ya awali yajulikane, kadi zenyewe zinaingia kwenye bahasha na kupanda basi kama kifurushi kingine chochote. Msahihishaji anatoka klabu nyingine. Tundu likiwa ukingoni mwa duara anaingiza geji, kile kipimo cha tundu, mara moja tu, kwa sababu ukiingiza mara ya pili umeshapanua karatasi, halafu anaandika alama kwa kalamu na kusaini. Aliyeona kaonewa analeta rufaa kwa maandishi, kadi ipo, haijapotea.

Uzuri wa ligi hiyo ni kwamba inagawa watu kwa wastani wao. Anayepata wastani wa 70 kwa 100 anashindana na wenzake wa 70, na ana nafasi ya kushinda daraja lake msimu wa kwanza kabisa. Binti wa kidato cha tatu kule Njombe anasubiri bahasha ya Mbeya kwa hamu ileile bingwa anavyosubiri fainali. Najua swali lenu: si watadanganya? Wapo watakaojaribu. Ndiyo maana kuna namba, muhuri na shahidi, na ndiyo maana mwisho wa msimu wote tunakutana mahali pamoja, bega kwa bega, mbele ya waamuzi. Mwenye wastani wa 95 kwa bahasha na 68 mbele ya macho ya watu atakuwa na maelezo ya kutoa, yeye na shahidi wake. Madaftari ya klabu na kadi za ligi ndivyo vitakavyochagua timu ya mkoa. Hapo mwenyekiti hana haja ya kumpendelea mpwa wake, maana hana anachochagua; anasoma tu.

Akina mama na mabinti, huu ni mchezo wenu kama ulivyo wetu. Montreal 1976 wanawake walikuwa wakipiga pamoja na wanaume, na Mmarekani Margaret Murdock alifungana alama na mwenzake Lanny Bassham. Kwa kanuni ya kutenganisha, dhahabu ikaenda kwa Bassham, naye wakati wa wimbo wa taifa akamvuta Murdock wasimame wote kwenye ngazi ya juu. Tangu 2018 wanawake nao wanapiga risasi 60 kama wanaume. Na ndugu zetu wenye ulemavu, shabaha imo kwenye Paralimpiki tangu 1976. Anayetumia kiti cha magurudumu anapiga kutoka kwenye kiti chake, asiye na nguvu za mikono anawekewa stendi ya kushikilia bunduki. Kwa hiyo ghala mtakalolichagua lisiwe na ngazi mlangoni. Mkishalipata lenye ngazi, jengeni mteremko kabla ya kununua kombe.

Walimu wenzangu, najua baadhi yenu mlishaanza kuhesabu medali za Jumuiya ya Madola. Mjue shabaha iliondolewa Birmingham 2022, na kwenye ratiba ya Glasgow 2026 haimo. Macho yetu yawe kwenye ligi ya nyumbani kwanza, kisha mashindano ya Afrika, kisha Olimpiki.

Nimalizie na kazi za mwezi huu. Kila mji uliowakilishwa hapa utoe watu watatu kabla hatujaondoka: mmoja wa kwenda kwa OCD, mmoja wa kwenda kwa afisa michezo na rasimu ya katiba, mmoja wa kutafuta ghala au bwalo. Askari wastaafu mlio tayari kusimamia mstari, andikeni majina yenu kwenye karatasi ya kwanza pale mlangoni. Mafunzo ya wasimamizi yatatangulia kila kitu kingine, na hakuna mji utakaopewa kadi za ligi kabla haujawa na wasimamizi wawili, ili mmoja akiugua klabu isifungwe wala isiendeshwe kiholela. Karatasi ya pili ni ya wasahihishaji. Tunataka watu wenye macho mazuri na mioyo migumu, na walimu wa hesabu wanapewa kipaumbele. Suala la mwenyekiti wa mkoa tutalileta klabu nne zikishamaliza msimu mmoja wa ligi.

Sasa nipo tayari kwa maswali. Tuanze na mama aliyenyoosha mkono pale dirishani.